Mwaka Tulipokataa Kulizika Tunda

Dabani, karibu na Busia, 1965

Jumapili, 7 Machi

Kosa la watu wengi, wakisikia jambo la ajabu, ni kuuliza kama ni kweli. Msimulizi ataapa, na kuapa hakumchoshi mtu. Nilifundisha shule miaka mingi, na sikuwahi kuona uongo ulioangushwa na swali hilo.

Nayaandika haya kwa sababu ya maneno ya leo nje ya kanisa. Ebong, mpagazi wa stesheni ya Tororo, alikuwa akisimulia tena habari za wazimamoto wa Nairobi: gari lao jekundu lisilowasha taa, shimo lililo chini ya kituo chao, watu wanaoning'inizwa humo na kunyonywa damu mpaka wawe wepesi kama maganda ya karanga. Hadithi hii ni kongwe. Niliisikia Kampala nilipokuwa najifunza ualimu, nikaisikia tena kwa Mhindi mmoja fundi cherehani aliyetoka Mombasa. Kila mji una gari lake, na kila gari ni jekundu. Aliyeponea chupuchupu huwa ni shemeji ya rafiki ya mtu fulani.

Leo, hata hivyo, Ebong alitaja jina. Alisema gari hilo ndilo lililomchukua Odhiambo.

Odhiambo ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Alikwenda Nairobi mwaka juzi kutafuta ukarani, akiwa amevaa suti tuliyomchangia ukoo mzima, na tangu wakati huo hatujapata hata salamu. Mkewe, Athieno, binti wa Odoi wa Mukuju, alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale. Aliendelea kufunga leso yake kana kwamba hakusikia.

Jumatano, 10 Machi

Mawingu tu. Ardhi ngumu kama kigae.

Jumamosi, 13 Machi

Felistus, mama yake Odhiambo, alikuja kuketi nasi. Alinieleza kwamba hapati usingizi, kwamba mwanawe humjia na kumwomba nyumba. Anataka tuzike yago.

Kwa atakayesoma hapa na asiwe wa kwetu, nieleze. Sisi ni Waluo tuliovuka mpaka kuja huku Uganda kutoka ng'ambo, Kenya, siku za baba yangu. Mtu wetu akifa mahali ambapo mwili hauwezi kupatikana, huchumwa tunda la mti wa yago, lile refu na zito linaloning'inia kwa kamba yake. Hufungwa sanda, likazikwa mbele ya nyumba yake kama mtu, kwa kilio na taratibu zote. Tangu hapo amekufa. Hata akitokea kesho njiani akipiga mluzi, huyo ni kivuli, na hapiti langoni.

Mke wake naye ni mjane, na mjane wa kwetu hurithiwa. Hapa atarithiwa na Tom, mtoto wa binamu yangu, yule anayebeba watu kwa baiskeli kati ya forodha hii na ile. Athieno na Odhiambo hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo wazee wana haraka.

Nilimwambia Felistus kwamba nitafikiri. Moyoni nilikwisha kukubali. Nilimwona jinsi alivyokonda, nikasema tunda ni nini, kama litampa mama usingizi?

Alhamisi, 18 Machi

Mvua. Tumepanda wimbi.

Jumamosi, 27 Machi

Wazee wamekutana kwangu. Yago litazikwa baada ya palizi ya kwanza, na mimi, mkubwa wa ukoo, ndiye nitakayetupa udongo wa kwanza. Pasipo mkono wangu hakuna maziko. Niliitikia.

Tom alikuwapo, akiwa amepaka mafuta kichwani. Mke wangu Edah alimuuliza kama amekuja matangani au arusini. Tom alicheka zaidi ya kila mtu, lakini akavaa kofia.

Jioni Athieno alileta maji, akapiga magoti kunisalimu kama kawaida, kisha hakuinuka.

"Baba," alisema, "nani amemwona amekufa?"

Nilimjibu kwamba inasemekana. Akaniuliza inasemekana na nani. Nikataja Ebong.

"Na Ebong amemwona?"

Aliinuka, akasema maji ya kunywa ni yale ya mtungi mdogo, akaenda zake. Nimekaa na karatasi hii kwa muda mrefu. Swali lile ndilo nililokuwa nikiwauliza watoto darasani kila wiki: umejuaje? Mimi sikujiuliza.

Jumanne, 30 Machi

Mvua kubwa. Edah asema nimekuwa kama kuku anayetaka kutaga, natembea tu.

Ijumaa, 2 Aprili

Nimekwenda Tororo. Barabara ya Busia ilikuwa tope tupu, na mwamba wa Tororo ulikuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni. Nilimkuta Ebong stesheni akisukuma magunia ya pamba. Nilimsaidia kushika moja, maana mtu aliyeshikiwa gunia hawezi kukukimbia.

Sikumuuliza kama ni kweli. Nilimuuliza nani alimwambia.

Kwanza alisema ni habari inayojulikana. Nikamwambia kila habari ina mdomo ilikotokea. Akasema watu wa treni. Nikamwomba jina la mtu mmoja wa treni. Alijikuna, akatazama reli, akanicheka.

"Mwalimu, wewe nasumbua mtu. Gari nyekundu ile, hata mtoto anajua. Haya, mimi nasikia kwa Amulen."

Amulen ni mama wa Kiteso anayeuza pombe ya ajono nyuma ya stesheni. Nikaenda kwake. Wanaume walikuwa wameuzunguka mtungi na mirija yao mirefu, na kila mmoja alikuwa na lake la Nairobi. Mmoja alisema huko kuna kinyozi mwenye kiti kinachozama sakafuni na mteja wake. Wa pili alieleza nyumba ambayo wanawake wake hukuita kwa jina lako kabla hujalitaja. Nilifurahi kuwasikiliza, nakiri. Hadithi nzuri ni nzuri, na mji mkubwa ambao hauna hadithi ni soko tu. Ila hakuna aliyemjua kinyozi, wala aliyewahi kuitwa.

Amulen hakuzunguka. Alisema habari za Odhiambo alizipata kwa Syprose, muuza samaki wa Busia. "Yeye ndiyo nafika Nairobi. Mimi kwenda Nairobi kufanya nini? Damu yangu nataka bado."

Wote wakacheka, nami pia.

Jumapili, 4 Aprili

Syprose amekwenda Nairobi na omena, wale dagaa wa ziwani. Watu wa kanisani wamekwisha kujua kwamba nauliza. Mzee mmoja alinikumbusha kwa upole kwamba nilikubali mbele ya wazee. Nikamwambia ndiyo, nilikubali, na mtu aliyekubali anaruhusiwa kuuliza alikubali nini.

Jumatatu, 12 Aprili

Palizi. Mgongo.

Jumapili ya Pasaka, 18 Aprili

Mvua ilinyesha ibada nzima, mabati yakapiga kelele hata katekista wetu Maloba akaacha kuhubiri, tukaimba tu. Athieno alivaa gauni la rangi ya chungwa. Wanawake walinong'ona kwamba mtu anayengoja msiba havai hivyo. Alipopita mbele yao alipunguza mwendo.

Odoi, baba yake, alitoka Mukuju kuja kumwona. Aliniambia kwa heshima kwamba kwao Wapadhola binti akiolewa, mambo ya kaburi huamuliwa na ukoo wa mumewe, na kwamba yeye atafuata neno langu. Nilikuwa natarajia anigombeze. Heshima yake ilinielemea zaidi.

Jumamosi, 24 Aprili

Syprose amerudi. Nimemkuta sokoni Busia, upande wa Kenya, chini ya turubai linalovuja, akizipepeta omena zake zisiote ukungu. Ni mama mpana wa kifua na sauti, hajui kunong'ona. Alipoona ni mimi alinisogezea kigoda.

Nilimuuliza nani alimwambia kwamba Odhiambo alichukuliwa na gari jekundu.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Mwalimu, unaniuliza mimi? Si ni shemeji yako Felistus aliyeniambia? Alisema ameota. Ameliona gari, ameona mkono wa mtoto ukitoka dirishani."

Ndoto ya Felistus ilitoka Dabani kwa miguu, ikaingia soko la Busia, ikanywa pombe Tororo, ikapanda gunia la pamba stesheni, ikarudi kanisani kwetu imevaa koti la Nairobi. Na Felistus mwenyewe, alipoisikia kwa Ebong, aliona ndoto yake imethibitishwa na mgeni.

Nilikuwa nimesimama kuondoka Syprose aliposema lingine, kwa sauti ndogo kuliko nilivyomdhania.

"Lakini mimi nilimwona kwa macho, Mwalimu. Mwezi wa kumi na mbili, kule Shauri Moyo. Alikuwa akisukuma mkokoteni wa makaa. Nilimwita. Aliniangalia, akauacha mkokoteni katikati ya njia, akapotea kati ya vibanda. Makaa ya watu, ameyaacha vile."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilisema. Mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa mama yake."

Jumapili, 25 Aprili

Sikwenda kanisani.

Jumatano, 5 Mei

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilichelewa kutenda. Nilizunguka nyumba ya Felistus siku kadhaa nikijifanya natazama wimbi lake. Leo niliingia.

Alikuwa akichambua maharagwe. Nilimweleza njia yote niliyoipita, mdomo kwa mdomo, nikafika kwa Syprose na nikanyamaza. Ni desturi yangu ya darasani: mwanafunzi mwenye akili humaliza mwenyewe.

Felistus aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema kwamba yule wa mkokoteni si mwanawe. Mwanawe ana cheti. Mwanawe aliondoka hapa na suti, na wanawake wa kijiji walipiga vigelegele mpaka njia panda. Nilimwambia cheti hakimzuii mtu kusukuma mkokoteni. Hapo akaniinulia macho, na sikuyaona machozi niliyoyatarajia. Niliona hasira.

"Shemeji, mtoto aliyechukuliwa na gari jekundu analiliwa. Anayesukuma mkokoteni na kumkimbia mtu wa kwao anachekwa. Mimi nimechagua kilio."

Nilitoka nikiwa mdogo. Tangu zamani nimeamini kwamba watu hushikilia hadithi za ajabu kwa kukosa elimu. Leo nimejua sababu nyingine, nzito zaidi: hadithi ya ajabu hufunika aibu vizuri kuliko blanketi. Mji haumli mtu. Sisi ndio tunaoupa mji watu wetu ule, halafu tunaulaumu kwa shibe yake. Sisemi Felistus peke yake. Ile suti tuliishona sote. Nani angethubutu kurudi langoni akiwa na mikono ya makaa, baada ya vigelegele vile?

Alhamisi, 6 Mei

Nimemweleza Athieno yote. Nilidhani atafurahi kwamba mumewe yu hai. Aliuliza kama mkokoteni ulikuwa wa kukodi au wake. Nikasema sijui. Akasema kama ni wake, basi ameanza maisha. Kama ni wa kukodi, basi ameona taabu. Kisha akaenda kukamua mbuzi, na nilimsikia akimgombeza mbuzi yule kwa maneno ambayo hayakumhusu mbuzi.

Jumamosi, 8 Mei

Wazee tena. Nilisimulia habari za Syprose. Mmoja akasema wazimamoto hutuma sura ya mtu ili kuwavuta jamaa zake, na hiyo ndiyo sababu alikimbia alipoitwa. Wote wakaguna kukubali. Nilitazama ukuta. Neno likikosa mguu, watu huliazima mwingine.

Maziko ni Jumamosi ijayo.

Ijumaa, 14 Mei

Tom alikuja peke yake, amekokota baiskeli yenye tairi bovu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama Odhiambo ni hai kweli. Nikasema yu hai. Aliizungusha pedali kwa mkono muda mrefu.

"Baba mkubwa, mimi nilimpenda Athieno tangu walipoleta mahari," alisema. "Lakini sitaki kulala nyumba ambayo mwenyewe anaweza kubisha hodi."

Nilikuwa nikimwona Tom mtu wa mafuta ya kichwani tu. Hilo nimelifuta.

Jumamosi, 15 Mei

Mvua iliacha alfajiri. Vijana walikuwa wamechimba kaburi mbele ya nyumba ya Odhiambo, upande wa kulia kama inavyotakiwa, na maji yalijaa humo mpaka magotini. Walikuwa wakiyachota kwa debe watu wakikusanyika. Walitoka Dabani yote, wengine ng'ambo. Ebong alikuja. Syprose alikuja. Katekista Maloba alisimama nje ya lango, maana padri hakumruhusu aingie, naye hakutaka kukosa.

Tunda lilitolewa ndani limefungwa shuka jeupe. Nikiri kwamba lilinitisha. Lilikuwa na urefu wa mtoto anayeanza kutembea, na Felistus alilibeba hivyo, mkono mmoja chini, mmoja kichwani. Kilio kilianza. Hata mimi niliinamisha kichwa, na mimi ndiye niliyejua.

Liliwekwa ukingoni. Kilio kikatulia. Wakanigeukia.

Nilikuwa nimeketi kwenye kiti changu, fimbo kati ya magoti. Sikuinuka. Nilisema kwamba mkono wangu umewazika baba yangu, mama yangu na mdogo wangu, kila mmoja nilimwona uso. Huyu sikumwona. Syprose alimwona, na yupo pale, amesimama. Nitatupa udongo siku nitakapoonyeshwa maiti.

Ghasia. Aliyesema nimeharibu msiba, aliyesema vitabu vimenila kichwa, aliyesema kivuli kitakaporudi kudai nyumba kitadai kwangu. Mzee mmoja mkali aliinama, akachota udongo mwenyewe. Edah alisimama mbele yake, mfupi alivyo, akamtazama tu. Udongo ukamwagika vidoleni mwake.

Hapo Athieno akatoka nyumbani. Alikuwa na lile gauni la rangi ya chungwa. Alikwenda moja kwa moja hadi ukingoni, akamwamkia Felistus kwa magoti, akainuka, akasema kwa Kiswahili ili watu wa pande zote wasikie.

"Mimi si mjane. Mimi ni mke wa mtu aliyekimbia. Nimeachwa, na kuachwa kuna jina lake, na nitalibeba jina hilo mwenyewe. Msinipe jina la kifo kwa sababu la aibu linawauma nyinyi."

Aliinama, akalinyanyua lile tunda na shuka lake, akaliweka mgongoni, akajifunga leso juu yake, akashika njia ya kijitoni, lilikochumwa. Tope lilikuwa likimvuta miguu. Alikwenda polepole na hakugeuka.

Tuliona akifika kwenye mteremko na kuyumba. Felistus alikuwa bado amesimama, mikono yake bado imekunjwa kama iliyobeba. Kisha alikwenda. Nilidhani anakwenda kumnyang'anya. Alimfikia, akasimama nyuma yake, akaushika uzito wa tunda kwa chini, kama tunavyomshikia mwanamke mtungi, wakateremka pamoja mpaka majani yakawafunika.

Jumapili, 16 Mei

Kaburi likiwa wazi hudai mtu, ndivyo wasemavyo, na hakuna kijana aliyekubali kulifukia bila maiti. Basi baada ya ibada nilichukua jembe. Nikashusha samadi ndani, nikapanda mgomba. Watu walikusanyika langoni kuona nitaangukaje. Tom aliegemeza baiskeli yake, akaingia, akashika koleo.

Ijumaa, 21 Mei

Felistus na Athieno wameondoka na Syprose kwa basi la Kisumu, kutoka huko ni treni. Felistus alibeba kuku mmoja. Nilimuuliza wa nini. Akasema mtu haendi kwa mwanawe mikono mitupu.

Jumamosi, 29 Mei

Jua. Hakuna habari. Watu hawaniamkii kama zamani. Wengine huvuka njia. Nawaamkia kwa majina, kwa sauti.

Ijumaa, 4 Juni

Mgomba umetoa jani, bado limejikunja kama karatasi ya cheti.

Jumamosi, 12 Juni

Felistus amerudi, peke yake. Nilimwona tangu njia panda, na mwendo wake haukuwa wa msiba.

Walimpata. Iliwachukua muda kwa sababu alihama kibanda kila aliposikia anaulizwa, mpaka Athieno alipoacha kuuliza, akaketi sokoni karibu na Syprose akauza samaki, siku baada ya siku, wazi. Akaja mwenyewe. Felistus alisema amekonda, na viganja vyake ni vigumu kama ngozi ya ngoma. Alimwamkia mama yake kama mgeni, kisha akamshika mkono, na hakuuachia mpaka samaki wa jirani wote wakauzwa.

Nikamuuliza kwa nini hakuleta hata salamu miaka yote.

"Sikumuuliza, shemeji. Hilo nimemwachia mwenyewe, ni lake."

Ule mkokoteni ni wa kukodi. Athieno amebaki. Hajasema kama amemrudia mumewe. Amesema samaki wanauzika, na kwamba ataamua akiwa amesimama. Nadhani ni mara ya kwanza mtu wa ukoo huu kuamua hivyo.

Felistus alikwenda kuutazama mgomba. Aliugusa jani, akasema samadi haitoshi. Usiku uliopita, alinieleza, alilala ndani ya treni na hakuota.

Jumapili, 20 Juni

Nje ya kanisa, Ebong alikuwa na habari mpya. Gari jekundu limeonekana Jinja. Na yule Odhiambo aliyekutana na mama yake Nairobi, alisema, watu wanaojua wanajua kwamba hakuwa yeye. Watu wakamzunguka. Niliona nyuso zile zile, na baadhi yao Felistus alikuwa amewaonyesha picha waliyopigwa pamoja mtaani, yeye, mwanawe na kuku.

Sikukasirika. Nilimwendea Ebong, nikamshika bega, nikamuuliza swali langu. Alianza kucheka kabla sijamaliza. Lakini safari hii mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yake, simjui, wa ng'ambo, alilirudia swali hilo kwa sauti kubwa kuliko yangu, na Ebong akakosa jibu mbele ya watu.

Ni hilo tu ninaloweza kumfundisha atakayeyasoma haya. Habari ya ajabu uliyoisikia wiki hii, usiibishie wala usiiapie. Leo hii nenda kwa aliyekuambia, umuulize nani alimwambia.